Kilomita tano kati ya ndege na ndege: nani anazilinda?

Ijumaa, Novemba 7, 2025, viwanja 40 vikubwa vya ndege nchini Marekani vilianza kupunguza safari kwa amri ya serikali. Ndege zilikuwa nzima, mafuta yalikuwepo, na abiria walikuwa na tiketi zao mkononi. Waliopungua ni waongoza ndege, wale watu wanaokaa mnarani na kwenye vyumba vya rada kuzipanga ndege zisigongane.

Wabunge wa huko walikuwa wameshindwa kukubaliana kuhusu bajeti, na shughuli nyingi za serikali zikafungwa kuanzia Oktoba 1. Waongoza ndege, ambao ni takriban 13,000, wakatakiwa kuendelea na kazi bila mshahara. Wiki zilivyokwenda, baadhi yao wakaacha kutokea kazini. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ikaamua kuanza na punguzo la asilimia 4 ya safari kwenye viwanja hivyo.

Tulipoisoma habari hiyo hewani, swali lililorudi kwenye simu za studio lilikuwa moja: kama ndege ni nzima na kiwanja ni kizima, kwa nini wasizirushe tu, waliopo kazini wakaongeza juhudi? Ni swali zuri. Dereva wa basi akikosekana, basi moja halitoki, mengine yanaendelea. Kwa nini angani isiwe hivyo?

Jibu liko kwenye nafasi inayoachwa kati ya ndege moja na nyingine. Nafasi hiyo haijilindi yenyewe. Kila kilomita yake ina mtu anayeitazama, na mtu huyo anaweza kuchoka, kusahau au kusikia vibaya kama sisi sote.

Foleni isiyosimama

Ndege zinazokaribia kiwanja chenye shughuli nyingi hupangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, zikishuka kuelekea njia ile ile ya kutua. Kiwanja kikiwa na rada nzuri, kiwango cha chini kinachotumika sana ni maili tatu za baharini, yaani kama kilomita tano na nusu. Mbali na kiwanja, ndege zikiwa juu safarini, nafasi huwa maili tano, zaidi ya kilomita tisa. Zikipishana juu na chini, kwa kawaida huachiwa futi 1,000, karibu mita 300.

Kilomita tano na nusu kwa mtu wa mguu ni mwendo wa saa nzima. Kwa ndege inayotua kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa, ni sekunde 80 hivi. Ndani ya sekunde hizo ndege iliyotangulia inatakiwa kugusa chini, kupunguza mwendo, kuipata njia ya kutokea na kupisha. Ikichelewa kidogo, ya nyuma imeshafika.

Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na ya askari wa usalama barabarani, ingawa watu wengi huifananisha nayo. Trafiki akizidiwa na magari ananyoosha mkono, yote yanasimama, anapumua, anaanza upya. Ndege haisimami angani. Mwongoza ndege aliyezidiwa hana namna ya kuigandisha foleni ili afikirie. Anaweza kuzizungusha ndege zisubiri mbali kidogo, lakini hata hizo zinazosubiri zinahitaji nafasi, na zinahitaji mtu wa kuzitazama.

Sababu ya pili ya kuacha nafasi haionekani kwa macho. Ndege inapokata hewa, kila ncha ya bawa huacha nyuma yake kisulisuli, upepo unaojizungusha na kushuka polepole. Ndege nzito inayokwenda taratibu, kama inavyokuwa wakati wa kutua, ndiyo huacha kisulisuli kikali zaidi. Wavuvi wa Kanda ya Ziwa wataelewa haraka: meli kubwa ikipita, mtumbwi ulio nyuma yake unatikiswa hata baada ya meli yenyewe kwenda zake. Tofauti ni kwamba mvuvi analiona wimbi likija. Rubani haoni kitu, anashtukia ndege inamlalia upande mmoja, naye yuko karibu na ardhi.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limezigawa ndege kwa uzito. Zenye kuanzia tani 136 ni nzito. Zisizozidi tani 7 ni nyepesi. Zilizo katikati ni za wastani. Chukua mfano wa Dar es Salaam. Boeing 787, ambayo ni ndege nzito, inatua. Nyuma yake inakuja Cessna Caravan, zile ndogo za injini moja zinazobeba abiria wa Mafia na Unguja. Hiyo ndogo ni nyepesi, kwa hiyo kanuni ya ICAO inataka iwe nyuma kwa maili sita, kilomita 11 hivi. Pasipo rada, huhesabiwa dakika: tatu kwa ndege nyepesi nyuma ya nzito, mbili kwa ya wastani. Kwa hiyo ukiwa ndani ya ndege ndogo mnazungushwa hewani huku njia ya kutua inaonekana tupu, usidhani mmesahauliwa. Huenda hewa ya pale bado haijatulia.

Nafasi hizi zinaweza kupunguzwa kwa utaalamu. Kiwanja cha Heathrow, London, tangu 2015 huzipanga ndege kwa muda badala ya umbali upepo wa mbele unapokuwa mkali, kwa sababu upepo huo hupunguza mwendo wa ndege na pia husambaza kisulisuli mapema. Waliifanya hesabu kwanza, ndipo wakabadilisha utaratibu. Kinachotutia wasiwasi ni nafasi inayopungua bila mtu kuamua ipungue, kwa neno moja lililosikika vibaya.

Sekunde 40 za Haneda

Januari 2, 2024, kiwanja cha Haneda jijini Tokyo. Siku moja kabla, tetemeko kubwa lilikuwa limepiga rasi ya Noto, na ndege ya walinzi wa pwani wa Japani, aina ya Dash 8, ilikuwa ikijiandaa kupeleka misaada. Ilikuwa na watu sita. Wakati huo huo Airbus A350 ya Japan Airlines ilikuwa ikishuka kutoka Sapporo ikiwa na watu 379. Ilikuwa jioni, giza limeingia.

Mwongoza ndege aliiambia ndege ya walinzi wa pwani kwamba ni namba moja, na kwamba isogee hadi kituo cha kusubiri kilicho kando ya njia ya kurukia. Rubani akarudia maneno hayo kama taratibu zinavyotaka. Maandishi ya mazungumzo hayo yalitolewa na serikali siku iliyofuata, na ukiyasoma huoni mahali rubani aliporuhusiwa kuingia kwenye njia yenyewe. Lakini aliingia. Baadaye alisema aliamini ameruhusiwa.

Tufikirie neno hilo, namba moja. Kwa mwongoza ndege lilikuwa na maana ya nafasi kwenye foleni: wewe ndiye utakayeruka wa kwanza, zamu yako ikifika. Kwa mtu mwenye haraka ya kupeleka misaada lingeweza kusikika kama ruhusa. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyekataa kutii. Maneno yalitoka sawasawa na kurudiwa sawasawa, maana ikapotelea njiani.

Ndege hiyo ilikaa kwenye njia ya kurukia kwa takriban sekunde 40. Mnarani kulikuwa na kioo cha tahadhari kinachobadilika rangi ndege mbili zinapogombea njia moja. Kilifanya kazi yake. Mwongoza ndege hakukiona, kwa kuwa alikuwa na ndege nyingine za kuzungumza nazo. Marubani wa Airbus nao hawakuiona ndege ndogo mbele yao gizani. Saa 11:47 jioni kwa saa za huko zikagongana na kuwaka moto.

Watu watano kati ya sita wa ndege ya walinzi wa pwani walikufa. Wote 379 wa Airbus walitoka wakiwa hai, ingawa milango mitatu tu kati ya minane ndiyo iliyotumika na spika za ndani hazikufanya kazi, wahudumu wakabaki kupaza sauti. Waliacha mabegi yao. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa sababu tumeona jinsi watu wanavyong'ang'ania mizigo hata basi linapotoa moshi. Mtu wa mwisho alitoka dakika 18 baada ya kugongana, na ndege iliendelea kuungua hadi likabaki gofu.

Ndani ya wiki moja hivi Wajapani walifanya mambo mawili. Waliweka mtumishi ambaye kazi yake ni kukitazama kile kioo tu, bila kuzungumza na ndege yoyote. Na kwa muda wakaacha kuwatajia marubani namba za foleni. Hatua ya kwanza ni kuongeza mtu. Ya pili ni kuondoa neno. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa hayo mawili.

Kuondoa neno si jambo geni katika usafiri wa anga. Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana ndani ya ukungu kwenye kisiwa cha Tenerife, watu 583 wakafa, na hapo pia rubani mmoja alielewa kwamba ameruhusiwa kuruka wakati alikuwa hajaruhusiwa. Tangu hapo neno la kuruka halitamkwi redioni ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Kabla ya hapo husemwa kuondoka, maana mtu anayesubiri ruhusa masikio yake huwahi kulisikia neno analolitaka.

Aliyesahau

Kusikia vibaya ni jambo moja. Kusahau ni kubaya zaidi, kwa sababu anayesahau hajui kwamba amesahau.

Februari 1, 1991, mjini Los Angeles, mwongoza ndege aliiruhusu ndege ndogo yenye watu 12 iingie kwenye njia ya kurukia na kusubiri. Kukawa na shughuli nyingi. Ndege nyingine ikapotea kwenye mawasiliano akawa anaitafuta, akaja kuichanganya ndege nyingine tena na ile iliyokuwa ikisubiri, na akairuhusu Boeing 737 kutua kwenye njia ile ile. Ilitua juu ya ndege ndogo. Watu 35 wakafa, wakiwemo wote 12 waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kuruka.

Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani ilipomaliza kazi, haikumtwisha mwongoza ndege yule mzigo wote. Ilisema uongozi wa mnara ule haukuweka utaratibu wa mtu wa pili kulikamata kosa la wa kwanza. Ilikuta pia kwamba taa za uwanjani ziliwapiga macho watu wa mnarani, hivyo sehemu ile ndege iliposimama haikuonekana vizuri. Mtu alisahau, ndiyo. Lakini kiwanja kizima kilikuwa kimejengwa kana kwamba hakuna atakayesahau.

Hukumu hiyo ilitolewa zaidi ya miaka 30 iliyopita, na kwa maoni yetu bado inawashinda wakubwa wengi kuimeza. Ajali ikitokea, jina la mtu mmoja hutafutwa upesi. Idadi ya viti vilivyokuwa vitupu chumbani siku ile huulizwa baadaye, kama itaulizwa.

Januari 29, 2025, ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Washington iligongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac. Watu wote 67 walikufa. Usiku huo mtu mmoja alikuwa akiongoza ndege na helikopta kwa pamoja, kazi ambayo mara nyingi hugawanywa kwa wawili. Wachunguzi wakagundua jambo jingine: kwa jinsi njia ya helikopta ilivyochorwa kwenye ramani, ilikuwa inawezekana helikopta kupita futi 75 tu chini ya ndege inayoshuka kwenye njia ile ya kutua. Ni mita 23, urefu wa mnazi mrefu. Nafasi ilikuwa imeliwa kwenye karatasi kabla hata ya mtu yeyote kukosea.

Miezi mitatu baadaye, Aprili 28, waongoza ndege wanaohudumia kiwanja cha Newark walipotewa na rada pamoja na redio kwa takriban sekunde 90. Rudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo: sekunde 80 ndiyo nafasi nzima kati ya ndege mbili zinazotua. Hakuna aliyekufa, ila baadhi ya wafanyakazi walichukua likizo kwa mshtuko, na FAA ikaweka kikomo cha ndege zinazoruhusiwa kiwanjani hapo kwa saa.

Ukiyaunganisha hayo, uamuzi wa Novemba unaeleweka. Chumba chenye watu kumi kikibaki na saba, kazi ya watatu waliokosekana haiondoki, inagawanywa. Kila mmoja anabeba ndege mbili tatu zaidi kichwani. Mtu wa pili, yule wa kulikamata kosa, ndiye wa kwanza kuondolewa, kwa sababu siku nyingi huonekana hana kazi. FAA waliona afadhali ndege zipungue. Tuliwasikia wachambuzi wakisema hizo zilikuwa siasa za kuwabana wapinzani, na siasa hazikukosekana. Hata hivyo, kama watu ndio hawapo, hatuoni walikuwa na njia gani nyingine ambayo isingewafanya abiria walipie kwa hatari wasiyoiona.

Kwetu

Viwanja vyetu havina foleni ya Los Angeles. Tuna jambo letu jingine: ndege za ukubwa tofauti kabisa zinazotumia anga moja na njia moja. Wanafunzi wa urubani, ndege za watalii, ndege za mizigo na za abiria, zote asubuhi moja.

Machi 5, 2024, Nairobi ilionyesha hatari hiyo. Ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka kiwanja cha Wilson kwenda Diani, ikiwa na abiria 39 na wafanyakazi watano, iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo juu ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye ile ndogo walikufa. Dash 8 iligeuka na kutua salama Wilson. Wilson ni miongoni mwa viwanja vyenye pilikapilika nyingi zaidi Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya pilikapilika hizo ni ndege ndogo.

Tanzania imewekeza kwenye vifaa. Mradi wa rada nne za kuongozea ndege za kiraia ulihusu Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na ulipozinduliwa mwaka 2018 uligonga vichwa vya habari. Rada ni jicho, tunakubali. Lakini kioo cha Haneda nacho kilikuwa jicho, na usiku ule kilikuwa wazi.

Kuna jambo moja abiria wa kawaida anaweza kukutana nalo. Ndege inashuka, magurudumu yameshatoka, unaiona ardhi, halafu ghafla injini zinanguruma na mnapanda tena juu. Watu hupiga kelele, wengine huanza sala za mwisho. Marubani huita kurudi hewani, na mara nyingi maana yake ni kwamba mtu ameona nafasi haitoshi akaamua kuitengeneza upya.

Februari 4, 2023, kwenye kiwanja cha Austin, Texas, mwongoza ndege aliiruhusu Boeing 767 ya mizigo kutua na, kwa njia ile ile, akairuhusu 737 ya abiria kuruka. Alidhani ya abiria ingeondoka haraka. Kulikuwa na ukungu, na mnara haukuwa na kifaa cha kuonyesha ndege zilizo chini. Marubani wa ndege ya mizigo ndio walioiona nyingine mbele yao dakika ya mwisho, wakapanda, na mmoja wao akaipigia kelele redioni isiruke. Ndege hizo, zenye watu 131 kwa jumla, zilipishana kwa umbali wa chini ya mita 60. Wote walifika nyumbani. Kwa hiyo rubani akikurudisha hewani, utachelewa dakika kumi au kumi na tano, tunashauri usimlalamikie.

Sisi kwa upande wetu tutaisikiliza bajeti ya Wizara ya Uchukuzi itakaposomwa Dodoma. Huwa kuna orodha ndefu ya njia za kurukia zilizorefushwa, taa zilizofungwa na majengo ya abiria yaliyokamilika, na huwa tunaisoma yote hewani. Safari hii tutatafuta namba nyingine humo ndani: waongoza ndege wangapi wamehitimu, wangapi wameajiriwa, na zamu ya usiku ina watu wangapi. Tukiipata tutaisoma. Tusipoipata tutawapigia simu wahusika, na majibu yao mtayasikia.